Picha ya moyo ni safi, lakini ECG yasemaje?

MGONJWA wa Migori au Homa Bay anayeumwa na kifua akitumwa Nairobi kupigwa picha ya mtiririko wa damu moyoni, husafiri zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Akirejea na ripoti kwamba picha ni safi, daktari wa kwao bado ana swali: mchoro wa ECG ulionyesha nini?

Katika kipimo hicho moyo hutwikwa kazi, ama kwa kutembea upesi juu ya mashine, ama kwa dawa kama adenosini inayopanua mishipa. Kisha mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, na kamera huonyesha sehemu zilizokosa damu. ECG nayo huandika umeme wa moyo.

Kasoro ya kamera ni kuwa hulinganisha sehemu moja ya moyo na nyingine. Mishipa mikuu yote mitatu ikiziba kwa kiasi sawa, hakuna sehemu itakayoonekana dhaifu kuliko jirani yake. Hapo mstari wa ECG ukishuka, hasa kwa aliyepewa dawa badala ya kutembezwa, ni onyo lisilofaa kupuuzwa.

Hata hivyo, mstari uliotulia si cheti cha uzima, maana chini ya dawa hizo ECG hukosa kuwanasa wagonjwa wengi. Tena shinikizo la damu la miaka mingi, au dawa ya digoksini, huweza kuushusha bila mishipa kuziba.

Ndiyo maana ECG aliyopimwa mgonjwa nyumbani, akiwa ametulia, yafaa aibebe hadi Nairobi ilinganishwe na ile ya huko.