Kitabu cha Kiada na Somo la Sauti Havina Budi Kukubaliana

Katika baadhi ya shule zinazofundisha kwa Kiingereza hapa kwetu, mtoto wa darasa la kwanza hupewa vitabu viwili vya kujifunzia kusoma. Kimoja ni cha kiada, chenye hadithi, picha, msamiati na maswali ya ufahamu. Kingine ni cha ziada: programu ya foniksi, yaani mafunzo ya kuhusianisha herufi na sauti zake, kama vile Jolly Phonics ya Uingereza. Wazazi hukinunua hicho cha pili kwa matumaini makubwa, na wana haki ya kutumaini. Tatizo ni kwamba vitabu hivyo vimeandikwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwa mpangilio wake, na ni nadra mtu kuviweka mezani pamoja akavilinganisha.

Faida ya kuongeza foniksi ilionekana zamani. Katika mwaka wa masomo wa 1964–65, serikali ya Marekani iligharimia miradi 27 ya utafiti wa usomaji katika darasa la kwanza. Guy Bond na Robert Dykstra wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliyachambua matokeo, yakachapishwa 1967. Kwa jumla, madarasa yaliyoongeza mafunzo ya sauti juu ya kitabu cha kiada yalifanya vizuri kuliko yaliyotegemea kitabu hicho peke yake. Hata hivyo, madarasa yaliyotumia mbinu moja yalipishana sana yenyewe kwa yenyewe. Mbinu nzuri haikufuta tofauti ya mwalimu na mwalimu, wala ya mazingira na mazingira. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lilipitia tafiti nyingi zilizofuata, likaona kwamba foniksi inayofundishwa kwa utaratibu huwafaa zaidi wanaoanza, yaani watoto wa chekechea na darasa la kwanza. Jopo hilo lilisisitiza pia kuwa foniksi ni sehemu tu ya somo la kusoma.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda darasani. Jolly Phonics huanza na sauti za s, a, t, i, p, n. Mtoto aliyezimudu sita hizo anaweza kusoma maneno kama sat, pin, tap, nap na tin bila msaada. Ni hatua kubwa, na uso wake huonyesha. Kipindi kinachofuata anafungua kitabu cha kiada na kukutana na sentensi kama hii: The children are going to the market. Humo hakuna hata neno moja analoweza kulisoma kwa sauti alizofundishwa. Afanyeje? Anatazama picha, anaona soko, anakisia. Au anakariri sentensi nzima kutoka mdomoni mwa mwalimu, kisha anaighani huku macho yako dirishani. Mwalimu anampongeza. Asubuhi hiyo mtoto amefundishwa tabia mbili zinazopingana: kuchunguza herufi, na kuzipuuza.

Connie Juel na mwenzake walilichunguza jambo hili nchini Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1985. Watoto wa darasa la kwanza walifundishwa foniksi ileile, ila vitabu vyao vya kusoma vilikuwa tofauti. Kundi moja lilikuwa na vitabu ambavyo maneno yake mengi yalifuata kanuni za sauti zilizofundishwa. Jingine lilikuwa na vitabu vya maneno yanayotumika mara kwa mara, yafuate kanuni au yasifuate. Kundi la kwanza lilielekea zaidi kutumia sauti za herufi lilipokutana na neno geni. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika suala hili: anachofanya mtoto na foniksi huamuliwa na kitabu anachopewa kuisomea.

Kwa Kiswahili kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa irabu ni tano na kila moja hubaki na sauti yake popote iandikwapo. Mtoto aliyejua a, i, u, m na k husoma mama, kaka, kuku na mimi siku hiyohiyo. Ugumu huja kwenye ng', ny, dh, gh na miambatano kama mbw na ndw, na hata huko hakuna ukaidi wa Kiingereza. Lakini mtoto anayejifunza lugha zote mbili anahitaji kuambiwa wazi kwamba herufi u ya kuku siyo u ya cup. Anahitaji pia kusaidiwa kumalizia neno kwenye konsonanti. Sisi tumezoea silabi zinazoishia na irabu, kwa hiyo tap hugeuka tapu kirahisi, na mwalimu anayetamka sauti ya p kama “pu” huzidisha tatizo.

Mwalimu afanye nini? Kabla ya muhula kuanza, apitie kurasa za mwanzo za kitabu cha kiada na kupigia mstari kila neno linalosomeka kwa sauti zitakazokuwa zimefundishwa wiki hiyo. Yakiwa machache mno, aandike ubaoni sentensi zake mwenyewe kwa sauti hizo, watoto wasome hizo kwanza. Hadithi ya kitabu awasomee yeye kwa sauti, wajadili, wajenge msamiati. Thamani yake iko hapo kwa majuma ya mwanzo. Maneno kaidi kama the, was na said yafundishwe machache machache, kwa kuonyesha ni herufi ipi inayotii na ipi isiyotii.

Wanaobaki nyuma ndio huumia zaidi. Asubuhi hufuata mpangilio mmoja wa sauti, jioni mwalimu wa tuisheni huanza na mwingine, na mtoto aliye dhaifu kuliko wenzake ndiye anayebebeshwa mzigo wa kupatanisha watu wazima wawili. Msaada wa ziada urudie sauti zilezile za asubuhi, kwa mpangilio uleule, polepole na kwa mazoezi mengi zaidi.

Mzazi, kabla hujalipia programu nyingine, nenda shuleni ukamwombe mwalimu akuonyeshe ni sauti zipi zimeshafundishwa, kisha umpe mwanao ukurasa wa leo wa kitabu cha kiada uone ni maneno mangapi anaweza kuyasoma kwa sauti hizo. Ikiwa hakuna hata moja, zungumza na mwalimu juu ya hilo kwanza.