Nishani Zilizosahauliwa: Kutengeneza Hati za Wazee Wetu Waliokuwa Askari

Mwaijua habari ya Mordekai iliyomo katika kitabu cha Esta. Mtu huyu alipata habari za watumishi wawili waliofanya shauri la kumwua mfalme Ahasuero, akaifichua siri yao, na mfalme akapona. Jambo hilo likaandikwa katika kitabu cha habari za ufalme, kisha kitabu kikafungwa, na Mordekai akarudi kuketi mlangoni bila kupewa kitu. Hata usiku mmoja mfalme alikosa usingizi, akasomewa kitabu kile, ndipo akauliza mtu huyu alipewa heshima gani. Watumishi wakamjibu kwamba hakupewa heshima yo yote. Kulipokucha, kosa lile likatengenezwa.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu mwezi huu twataka kusema juu ya wazee waliofanya kazi ya uaskari kweli, lakini nishani zao hazikuandikwa katika hati zao, au ziliandikwa pungufu. Wako watakaouliza: kipande cha shaba kina faida gani kwa mtu aliyekwisha zikwa? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu. Nishani ni ushahidi. Yasema kwamba mtu fulani alikuwapo mahali fulani, siku fulani, akavumilia taabu fulani. Hati inayomwacha mtu huyo yasema kwamba hakuwapo. Huo ni ushahidi usio wa kweli, hata kama aliyeandika hakukusudia uongo, na ushahidi usio wa kweli wapaswa kutengenezwa.

Hapa Isaka, penye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, nyumba nyingi zina habari za namna hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza watu wa Unyamwezi na Usukuma walichukua mizigo ya Wajerumani, wengine ya Waingereza, na wengine ya Wabelgiji walioiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916. Jina la Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam limetoka katika kikosi cha wapagazi wa Kiingereza. Katika Vita ya Pili, watu wapatao 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Wengi waliitwa Keya. Askari wa batalioni ya 6, ndiyo ya Tanganyika, walipigana na Waitalia katika Uhabeshi mwaka 1941, na mwaka 1942 wakapelekwa Bukini. Mwaka 1944 wengine walivuka bahari kwenda Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw katika mvua, matope na homa, wakawafukuza Wajapani hata mto Chindwin, wakauvuka mwezi wa Desemba.

Sasa ni vema msomaji ajue nishani zilizohusika, ili aweze kutambua iliyokosekana. Askari aliyetumika siku 28 au zaidi katika vita ile alistahili Nishani ya Vita ya 1939–1945. Aliyekaa muda uliotakiwa mahali penye mapigano alistahili Nyota ya 1939–1945. Aliyekuwa Uhabeshi kati ya Juni 1940 na Novemba 1941 alistahili Nyota ya Afrika, na aliyepigana Burma alistahili Nyota ya Burma. Basi mzee aliyefika Uhabeshi na Burma pia, kisha akaacha nyota ya Burma peke yake, huenda hakupewa haki yake yote.

Makosa hayo yalitokeaje? Askari alihamishwa kutoka kikosi hiki kwenda kile, na karani wa kikosi cha mwisho aliandika yale aliyoyaona yeye tu. Tena Nyota ya Burma na Nishani ya Vita ziliwekwa mwaka 1945, na watu wengi walikuwa wamekwisha kurudi vijijini zilipoanza kugawanywa. Mtu wa shamba hakujua kwamba kuna kitu kinachomngoja. Pamoja na hayo, nishani za Vita ya Pili ambazo Uingereza iliwapa askari wake zilitolewa bila jina la mwenyewe. Kwa hiyo nishani iliyomo sandukuni haiwezi kusema peke yake ni ya nani; yahitaji hati iseme kwa ajili yake.

Msidhani kwamba kuchelewa kuliwapata Waafrika peke yao. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya aliyekuwa katika batalioni ile ya 6, alikufa tarehe 19 Mei 1941 huko Kolito katika Uhabeshi, baada ya kurukia kifaru cha Waitalia na kuwapiga risasi waliokuwamo. Heshima yake ya Victoria Cross, ambayo haina ya juu yake katika jeshi la Kiingereza, ilitangazwa mwezi wa Novemba 1945, zaidi ya miaka 4 baadaye. Naye alikuwa na maofisa wa kumshuhudia na makarani wa kuandika. Ikiwa jambo la mtu kama huyo lilikawia hivyo, twaweza kufahamu mambo ya askari wa kawaida aliyerudi Usukuma na bakora yake na kanzu moja.

Jamaa mmoja wa Wakristo wa hapa kwetu walituletea sanduku la bati la babu yao. Ndani yake mlikuwa na Nyota ya Burma, utepe uliochakaa, na karatasi ya kuachishwa kazi ya jeshi. Watoto wa marehemu walisema kwamba baba yao alikuwa akisimulia sana habari za Uhabeshi, baridi ya milimani na Waitalia walioinua mikono. Karatasi haikutaja Uhabeshi hata kidogo. Tena jina lililoandikwa humo silo walilolijua wao.

Tukaona kwamba kazi ya kwanza ni jina. Kwetu mtu huwa na majina mengi. Aliyezaliwa nyuma ya mapacha huitwa Shija. Aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula. Naye hutajwa pia kwa baba yake, Ng'wana fulani. Karani asiyejua Kisukuma alisikia Ng'wana akaandika Wana, alisikia Mabula akaandika Mabura. Halafu mtu akabatizwa, akaongezwa jina la mtakatifu, na nyumbani akajulikana kwa hilo. Baada ya miaka 40, mtu mmoja amekuwa watu watatu katika vitabu.

Tukaandika barua kwa misheni alikobatizwa marehemu, wakatupatia nakala ya daftari la ubatizo. Mle mlikuwa na jina la ubatizo, jina la kwao, jina la baba na la mama, na kijiji alichotoka. Jina la baba na kijiji vikapatana na vile vya karatasi ya jeshi. Basi wale watu watatu wakarudi kuwa mtu mmoja. Tukamwendea mzee wa kijiji jirani ambaye baba yake aliondoka pamoja na marehemu siku moja, naye akatueleza aliyosikia, tukayaandika kama alivyosema, bila kuyapamba. Barua ya jamaa hao imekwisha kwenda Uingereza pamoja na nakala zote. Wao wanangoja majibu, nasi tumewaambia wasihesabu nyota ambayo haijafika.

Karibu nasi, katika Mwanza, iko habari inayosimuliwa sana. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa mishahara iliyobaki askari wazee waliotumika chini ya Lettow-Vorbeck hata mwisho wa vita mwaka 1918. Ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza, wakaja wazee wapatao 350. Waliokuwa na vyeti vyao walikuwa wachache mno. Wengine walileta vipande vya nguo za kiaskari. Inasemwa kwamba mlipaji alimpa kila mzee ufagio mkononi, akatoa amri za bunduki kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa kuzifuata. Mikono ilikuwa imeshika yale ambayo karatasi zilikuwa zimepoteza.

Habari hiyo yafurahisha, lakini yatuonya pia. Mikono ile imekwisha kuwa udongo. Leo hakuna ufagio utakaomshuhudia askari wa Wajerumani, na Keya walio hai wamebaki wachache sana. Ushahidi uliobaki ni vitabu, na vinywa vya watoto waliosikia. Navyo vinywa hivyo vyafungwa mwaka kwa mwaka.

Hasara ya kutoandika mapema imekwisha kuonekana mbele ya dunia yote. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi katika Bunge. Ni vema kuomba radhi, na tume ile imeanza kutafuta majina. Lakini mtu hawezi kuandika jina asilolijua, na waliolijua wengi wamekwisha kufa.

Walakini lililowezekana lilifanyika. Tarehe 1 Novemba 2023, katika makaburi ya vita ya Kariokor mjini Nairobi, Mfalme Charles wa Uingereza aliwapa wazee wachache wa Keya nishani nyingine badala ya zile walizokuwa nazo zamani. Baadhi yao walikuwa wamezitupa katika siku za Mau Mau, wakiogopa kudhaniwa kuwa watu wa Waingereza. Wazee hao walikuwa wamengoja karibu miaka 80 tangu vita yao. Walipata kwa sababu walikuwa hai, na kwa sababu palikuwa na watu waliowatafuta na kuwaandika.

Kwa hiyo twawaeleza njia, enyi mlio na sanduku kama lile nyumbani. Kwanza, msiguse maandishi ya zamani kwa kalamu, hata mkiona kosa. Hati iliyosahihishwa nyumbani haiaminiwi tena. Pili, andikeni majina yote ya mzee na namna zote zilivyoandikwa, pamoja na jina la baba yake, kijiji, na mtemi wa siku zile. Tatu, tafuteni namba ya askari. Majina hufanana, lakini namba ilikuwa ya kumtambulisha mtu, nayo huonekana katika karatasi ya kuachishwa au nyuma ya picha. Nne, ombeni nakala ya daftari la ubatizo au la ndoa. Tano, pelekeni nakala tu. Karatasi yenyewe ikae nyumbani mahali pakavu, mbali na mchwa. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza yapokea hata leo maombi ya nishani za Vita ya Pili ambazo hazijachukuliwa bado, yakitoka kwa mwenyewe au kwa mrithi wake wa haki. Nishani za Vita ya Kwanza hazitolewi tena, basi asije mtu akawadanganya na kuwatoza fedha kwa hizo.

Tena liko neno moja zito. Msiombe nishani ambayo mzee hakuistahili. Sifa ya uongo yamnyang'anya mwingine aliyeumia kweli, na amri ya Mungu inayokataza kumshuhudia jirani uongo yakataza pia kumshuhudia babu uongo, hata kwa mapenzi. Kama hamjui, andikeni kwamba hamjui. Barua ya kweli yenye mapengo ni bora kuliko barua iliyojaa yenye uzushi.

Mwisho, twawakumbusha wale ambao muda wao haujapita. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vijana wengi wakajiunga na jeshi, wengine kutoka mgambo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Vijana hao leo ni wazee wa miaka 65 na zaidi. Twawaona kanisani, na kila tarehe 25 Julai, siku ya Mashujaa, twasikia wakitajwa kwa jumla. Lakini kutajwa kwa jumla si sawa na kuandikwa kwa jina. Mwenye hati pungufu na aende kwa mshauri wa mgambo wa wilaya akaulize, wakati wenzake wa kikosi wangali hai na waweza kusema: huyu nilikuwa naye.

Ninyi wenye watoto waliosoma, waambieni waketi na wazee hao na daftari na kalamu. Waulize kikosi gani, mkuu wake nani, aliondoka lini, alivuka mto gani, alirudi na nani. Wazisome tena habari hizo mbele ya mzee mwenyewe, ili asahihishe kwa kinywa chake. Kisha nakala moja ikae nyumbani, na moja iletwe kwetu, tuiweke pamoja na vitabu vya kanisa. Ahasuero aliweza kutengeneza kosa lile kwa sababu palikuwa na mtu aliyeandika siku ile ile jambo lilipotokea. Kalamu na wino tunavyo; na wazee wetu wa Kagera, kwa neema ya Mungu, bado tunao.