UCHUKUZI: Uzamili unaofunza hasara ni ya nani

Wapo wanaodhani shahada ya uzamili katika uchukuzi wa kimataifa na usimamizi wa ugavi ni elimu ya kuhesabu kontena bandarini. La hasha.

Chukua mfanyabiashara wa Nairobi anayeagiza vipuri kutoka Shanghai kwa masharti ya CIF hadi Mombasa. Kwa kuwa muuzaji ndiye anayelipia meli na bima, mnunuzi hustarehe, akiamini kuwa mzigo ukipotea njiani hasara si yake. Sivyo. Dhima humwangukia pindi shehena inapopakiwa melini huko huko Shanghai. Kinga yake ni bima tu, nayo kanuni za Incoterms 2020 humlazimu muuzaji kukata ile ya kiwango cha chini, ambayo hufidia meli ikizama au kuungua lakini haigusi wizi. Wangapi husoma mkataba hadi hapo?

Masuala ya aina hii, pamoja na forodha na hesabu za ghala, ndiyo kiini cha masomo hayo. Anayevutiwa zaidi na bandari anaweza kutazama World Maritime University, Malmö, Uswidi, iliyoasisiwa na IMO mwaka 1983; uzamili wake huchukua miezi 14.