Polisi na kinga dhidi ya kujiua

Polisi na kinga dhidi ya kujiua ni mada inayohusu wajibu wa askari polisi wanapokutana na mtu anayetaka kujiua au aliye katika hali ya dharura ya afya ya akili. Kwa kuwa polisi hufanya kazi usiku na mchana, mara nyingi ndio wanaofika kwanza, kabla ya daktari au muuguzi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kazi ya askari

Askari anayefika penye tukio ana kazi tatu: kupunguza hatari, kumtuliza mhusika na kumfikisha penye matibabu. Hufundishwa kutokuwa na haraka. Huwaondoa watazamaji, hujitambulisha kwa jina, huongea kwa sauti ya chini na husikiliza kuliko kuamrisha. Anaweza kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua. WHO inaeleza kwamba swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo, bali laweza kumpunguzia wasiwasi.

Mifano ya nchi mbalimbali

Mwaka 1987 katika jiji la Memphis, Marekani, polisi walimpiga risasi na kumuua kijana mwenye ugonjwa wa akili aliyekuwa akijidhuru. Mwaka uliofuata idara ya polisi ya jiji hilo, ikishirikiana na chama cha familia za wagonjwa wa akili na vyuo vikuu, ilianzisha kikosi maalumu kinachojulikana kwa kifupi kama CIT. Askari wake hujitolea wenyewe na hupewa mafunzo ya saa 40. Nguzo nyingine ya mfumo huo ni hospitali inayokubali kumpokea mgonjwa bila kumrudisha, kwa sababu askari asiye na mahali pa kumpeleka mgonjwa huishia kumweka mahabusu. Mfumo huo umeigwa katika miji mingi.

Uingereza na Wales, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 inamruhusu askari kumpeleka mtu mahali salama ili apimwe. Tangu mwaka 2017 muda wa kumshikilia kwa kawaida hauzidi saa 24, na kituo cha polisi hakiruhusiwi kutumika kwa mtoto wa chini ya miaka 18.

Sheria katika Afrika Mashariki

Kazi ya polisi huwa ngumu pale sheria inapomhesabu mtu huyo kuwa mhalifu. Uingereza na Wales zilifuta kosa la kujaribu kujiua mwaka 1961, lakini kosa hilo lilibaki katika sheria za makoloni mengi ya Uingereza hata baada ya uhuru. Nchini Tanzania limo katika kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Nchini Kenya lilikuwa katika kifungu cha 226, na adhabu yake ilikuwa kifungo kisichozidi miaka 2, faini, au vyote viwili.

Sheria ya namna hiyo humfanya askari yuleyule kuwa mwokozi na mkamataji. Wagonjwa na familia zao huficha jaribio la kujiua kwa kuogopa kushtakiwa, na hivyo hukosa matibabu mapema.

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kuwa kifungu cha 226 kinapingana na Katiba ya mwaka 2010, hasa haki ya usawa, ya heshima ya utu na ya afya.

Afya ya akili ya askari

Askari wenyewe pia wamo hatarini. Hushuhudia vifo na ajali, hufanya kazi saa nyingi, wengine hukaa mbali na familia, na silaha huwa karibu. Wengi hukawia kuomba msaada kwa kuogopa kuonekana dhaifu au kunyimwa cheo. Kwa hiyo ushauri nasaha wa siri kwa askari ni sehemu ya kinga hiyohiyo: askari aliyewahi kusikilizwa huweza zaidi kumsikiliza mwingine.