Ari ya Kusoma Hufuata Kufaulu

Katika shule nyingi za Tanzania, mwanafunzi anayeshika mkia huambiwa kwamba hajitumi, na dawa yake huwa nasaha, karipio au fimbo, kana kwamba uwezo anao ila nia ndiyo haipo. Lakini ari ya kusoma, yaani msukumo wa ndani unaomfanya mtu aendelee na kazi hata inapomwia ngumu, aghalabu hufuata kufaulu badala ya kukutangulia, na mtoto ambaye hajawahi kupata hata hesabu moja ya kugawanya hana sababu ya kuamini kwamba ataipata ya pili.

Mwaka 1967, wanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa na umeme wasioweza kuukwepa, wengi wao hawakujaribu kutoroka hata pale njia ilipofunguliwa, na hali hiyo ikaelezwa kuwa ni unyonge wa kujifunza, maana yake kiumbe amefunzwa na maumivu yake kwamba kujitahidi hakufai kitu. Mwaka 2016, watafiti haohao walikiri kwamba walikuwa wameielewa kinyume, kwani kunywea mbele ya adha ya muda mrefu ndiko kwa asili, na kinachofunzwa ni kutambua kwamba juhudi hubadili matokeo. Kwa mwalimu, sahihisho hilo lina uzito kuliko nadharia yenyewe, maana kama imani hiyo hufunzwa, basi ni sehemu ya kazi yake kama ilivyo kufundisha herufi.

Namna ya kuifunza imejaribiwa na shirika la Pratham la India, ambalo hupima usomaji wa kila mtoto, kisha humpanga katika kundi la wanaotambua herufi, wanaosoma maneno, wanaosoma aya au wanaosoma hadithi, bila kujali yuko darasa la ngapi, ili kazi anayopewa iwe ngumu kidogo tu kuliko ile aliyokwisha kuimudu. Zambia na Botswana zimeufuata utaratibu huo.

Tanzania ina kikwazo chake cha ziada, kwa kuwa mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba katika shule ya msingi ya serikali, na anayeweza kueleza usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hukwama kidato cha kwanza mbele ya swali la Kiingereza asilolielewa, naye huhesabiwa mzito wa akili.

Kupangwa kwa nafasi nako humwonyesha mtoto wa mwisho kushindwa kwake tu, si kile alichokwisha kukimudu. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa haukugusa orodha za nafasi zinazobandikwa shuleni kila mwisho wa muhula. Walimu wakuu wanaweza kuziondoa bila kusubiri waraka, na mahali pake wampe kila mzazi maelezo ya kile ambacho mtoto wake anakiweza na kile atakachofundishwa baada ya hapo.