SAA MOJA YA MAZOEZI KWA KILA MTOTO WA SHULE

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na makao makuu yake mjini Bariadi, ni mkoa wa wakulima na wafugaji. Kwa miaka mingi haikuwapo haja ya kumhimiza mtoto wa sehemu hizo aushughulishe mwili wake. Mvulana alishinda machungani, msichana alikwenda kisimani, na wote wawili walikwenda shule kwa miguu. Ndiyo maana wazazi wengi, na hata baadhi ya watumishi wa Serikali, huuliza kuna faida gani kumwambia mtoto wa Kisukuma afanye mazoezi. Swali hilo linastahili kujibiwa.

Jibu la kwanza ni kwamba maisha yamebadilika. Katika mji wa Bariadi, kama ilivyo katika miji mingine inayokua, mtoto aweza kupelekwa shule kwa pikipiki, akakaa darasani mchana kutwa, na jioni akakaa tena mbele ya televisheni au simu. Uwanja aliochezea baba yake huenda umekwisha kujengwa nyumba. Mtoto wa namna hiyo hana tofauti kubwa na wenzake wa nchi nyingine. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba, kati ya kila vijana 5 wa umri wa miaka 11 hadi 17 duniani, 4 hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachotakiwa.

Jibu la pili ni kwamba kazi na mchezo si kitu kimoja. Msichana anayebeba ndoo ya maji huchoka, lakini mzigo huo haumpi furaha wala nafasi ya kuwa pamoja na wenzake, na mara nyingi humnyang'anya wakati wake wa kucheza. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatamka katika ibara yake ya 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kwa hiyo uchovu wa kazi usihesabiwe kuwa ni badala ya haki hiyo.

Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, kwa mujibu wa mwongozo wake wa mwaka 2020, ni wastani wa dakika 60 kila siku kwa mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 17. Aidha, angalau siku 3 kwa wiki yafanyike mazoezi ya nguvu na yale ya kukaza misuli na mifupa, kama vile kukimbia, kuruka na kupanda. Si lazima dakika hizo zifuatane. Mazoezi hufaa iwapo pumzi inakwenda mbio na mtoto anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Mazoezi ya namna hiyo huimarisha moyo na mifupa, huleta usingizi mzuri, husaidia utulivu wa akili darasani, na humwekea mtoto msingi wa kujikinga na shinikizo la damu na kisukari atakapokuwa mtu mzima. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Shuleni kuna michezo, na mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari yameibua vipaji vingi. Hata hivyo, mashindano huchagua. Wachezaji wachache huteuliwa kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, na wanafunzi waliobaki huwa watazamaji. Mtoto mnene, mtoto mwenye ulemavu, na msichana aliyevunja ungo ambaye hana pa kubadilishia nguo, ndio wanaoachwa kando mapema, hali ya kuwa ndio wanaohitaji mazoezi zaidi. Mafanikio ya shule hayana budi kupimwa kwa idadi ya wanaocheza, si kwa vikombe peke yake.

Wazee wanakumbuka mchakamchaka, yaani mbio za asubuhi zilizokwenda kwa nyimbo kabla ya masomo. Desturi hiyo haikuhitaji vifaa wala uwanja mkubwa, na wote walishiriki. Katika shule ambazo wanafunzi wameongezeka tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, njia kama hiyo yafaa kutumiwa tena. Inashauriwa kwamba:

(a) Walimu watenge dakika 15 za mchakamchaka au viungo kila asubuhi, na vipindi vya michezo visigeuzwe kuwa vya masomo mengine.

(b) Mbio zisitumiwe kuwa adhabu, kwani mtoto aliyeadhibiwa kwa kukimbia huchukia kukimbia.

(c) Wazazi wagawe kazi za nyumbani sawasawa, ili wasichana nao wapate saa ya rede, netiboli au kuruka kamba.

(d) Viongozi wa vijiji na mitaa wavilinde viwanja vya watoto visivamiwe.

Tahadhari nazo ni za lazima. Mtoto aliyetembea mwendo mrefu bila kula asilazimishwe kukimbia. Apewe kwanza uji na maji. Wakati wa kiangazi mazoezi yafanywe asubuhi au jioni, jua lisipokuwa kali. Watoto wasiogelee katika malambo na madimbwi, kwa kuwa humo mna hatari ya kuzama na ya kichocho. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu. Hao wacheze kwa kadiri ya ushauri wa mganga, wanywe maji mengi, na waruhusiwe kupumzika mara wanapochoka. Karibu na barabara ya lami itokayo Lamadi kupitia Bariadi hadi Maswa, michezo ifanyike mbali na magari.

Mpira wa matambara, kamba ya katani na kiwanja kilichofyekwa vyatosha kuanzia. Kinachohitajika zaidi ni mtu mzima atakayeitenga saa hiyo moja, akahakikisha kwamba hakuna mtoto aliyebaki pembeni.