Je, Wajua? Dhahabu Huifichua Zebaki Majini

Je, wajua kwamba maji maangavu yanaweza kuwa na sumu? Zebaki iliyoyeyuka majini haionekani kwa macho. Shirika la Afya Duniani linashauri lita moja ya maji ya kunywa isiwe na zaidi ya mikrogramu 6 za zebaki isokaboni, na 10 za risasi. Mikrogramu moja ni gramu iliyogawanywa kwa milioni.

Je, wajua kwamba kuchemsha hakusaidii kuondoa risasi wala aseniki? Vijidudu hufa, metali hubaki. Maji yakipungua kwa mvuke, kiwango cha metali hizo katika kila lita hupanda.

Je, wajua kwa nini zebaki hupendwa machimboni? Huigandamia dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya, nchini Tanzania, huitumia kukusanya vumbi la dhahabu mchangani, kisha huchoma donge linalopatikana ili dhahabu ibaki. Sehemu ya zebaki hupaa hewani. Nyingine husalia kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kusafishwa, na mvua huisomba hadi mitoni.

Je, wajua kwamba dhahabu ikisagika mno hubadilika tabia? Pete haipati kutu hata ikivaliwa miaka. Lakini punje zake za nanomita chache, ilhali unywele una upana wa nanomita 80,000 hivi, huyapa maji rangi nyekundu na kuwa kichocheo cha kemikali.

Je, wajua kwamba madini yanaweza kufanya kazi ya kimeng'enya? Mwaka 2007, Yan Xiyun na wenzake nchini China walitangaza kuwa punje ndogo za oksidi ya chuma huchochea mmenyuko kama kimeng'enya peroksidesi. Vichocheo vya aina hii huitwa nanozaimu. Kwa kawaida huvumilia joto na kukaa ghalani zaidi kuliko vimeng'enya vya asili.

Je, wajua kipimo cha zebaki kinachotumia nanozaimu za dhahabu hufanyaje kazi? Kemikali isiyo na rangi iitwayo TMB huchanganywa na hidrojeni peroksaidi. Punje za dhahabu peke yake huleta buluu hafifu. Zebaki ikiwemo, hunata juu yake na kuzichangamsha, buluu ikakolea. Kwa platinamu mambo hugeuka: zebaki huilemaza, buluu ikafifia. Kamera ya simu inaweza kupima ukolevu huo. Mvuto uleule unaoifanya zebaki itumike machimboni ndio unaoifichua kwenye kikombe cha kupimia.

Je, wajua kwamba buluu pekee haitoshi kuhukumu kisima? Metali nyingine, kama fedha, pamoja na chumvi na mabaki ya mimea, huweza kuvuruga rangi. Kwa hiyo kipimo hiki kinafaa kuchuja: katika visima vingi, kionyeshe vichache vya kutiliwa shaka, na sampuli za hivyo ndizo zipelekwe maabara kuthibitishwa.